Kiunzi

Kiunzi kinatokana na kuunda. Fundi wa boti mwaloni Katonga, Kigoma, akishalaza mkuku na kupigilia mataruma, mbao za ubavuni zikiwa bado, hicho alicho nacho ndicho kiunzi. Wanabiolojia waliliazima neno kwa mifupa, na sasa tunasoma "kiunzi cha seli". Naliunga mkono, kwa sharti moja: taruma likishapigiliwa halihami, lakini kiunzi cha seli hujengwa na kubomolewa kila mara.

Tazama seli nyeupe ya damu. Ndani ya mshipa husafiri ikiwa duara. Ikipata dalili za kemikali kutoka kwenye kidonda chenye vijidudu, hunata ukutani, hutandazika na kuanza kutambaa. Mbele, nyuzi za protini iitwayo aktini hurefuka na kuusukuma utando. Nyuma, miosini (ndugu wa ile ya misuli yetu) hubana na kuuvuta mkia. Hivyo hujipenyeza kwenye upenyo mwembamba kuliko yenyewe, hata kiini chake kikaminywa.

Kiunzi hicho kina pia vijirija. Kolchisini, dawa ya tangu kale ya jongo, huvivuruga, seli nyeupe zikashindwa kujazana kwenye kiungo, na uvimbe ukapungua.

Wapo wanaoandika "mifupa ya seli". Seli haina mfupa, na mfupa haubomolewi na kujengwa upya ndani ya dakika moja. Waandishi wa vitabu vya shule, andikeni kiunzi.