Nani Aliyeyapa Mawe Majina?

Msikilizaji, hapa Buigiri, mashariki ya Dodoma, kijana aliniuliza nani aliyeyaleta majabali haya. Hakuna, ni itale iliyochakaa papo hapo.

Mawe yaliyoletwa utayakuta Mlima Kenya. Barafu ya kale iliteremka ikisukuma kokoto na udongo, ikayeyuka, ikaacha matuta. Wataalamu huyaita moreni, neno la wakulima wa milima ya Alps. Mashapo yenyewe hupewa jina la mahali yalipochunguzwa, ndiyo maana ya zama za mwisho za barafu yanaitwa Liki, mto wa hukohuko. Hapo sina ugomvi. Lakini matuta hayohayo yamo pia katika bonde la Teleki, Mhungaria aliyefika 1887. Wenyeji waliliitaje bonde lile kabla yake? Ramani yangu haisemi.