Jina tajamungu: mfano wa Yohana

Wataalamu wa majina huliita "teofori" jina la mtu lenye jina la Mungu ndani yake. Istilahi hiyo ni ya Kigiriki, na maana yake ni "lenye kubeba mungu". Rahisi kusema "jina la kimungu", lakini tafsiri hiyo inapotosha, kwani jina la kimungu ni Mwenyezi au Rahmani, nasi tunazungumzia majina ya wanadamu. Napendekeza "jina tajamungu", kwa kufuata mchamungu, neno lililozoeleka msikitini na kanisani. Kutaja kunafaa kuliko kubeba, kwa sababu jina la namna hii kwa kawaida humtaja Mungu na kueleza alichotenda.

Chukua Yohana. Kwa Kiebrania ni Yohanan, kifupi cha Yehohanan, na ni sentensi kamili. Yeho ni mkato wa Yahwe, jina la Mungu kwa Kiebrania. Hanan ni kitenzi katika hali timilifu, ile tunayoionyesha kwa -me-. Maana yake ni kumtendea mtu wema ambao hakuwa na haki ya kuudai. Watafsiri wa Biblia ya Union ya 1952 walipokikuta kitenzi hicho katika baraka ya makuhani, Hesabu sura ya 6, walitumia kufadhili. Basi Yohana ni "Yahwe amefadhili".

Najua mfadhili wa siku hizi ni shirika linalolipia mradi wa maji, na wapo watakaotaka "amerehemu". Siafiki. Kiebrania kina kitenzi kingine, riham, ndugu wa neno la Kiarabu lililotupa rehema. Tukimpa Yohana kurehemu, tumevichanganya vitenzi viwili ambavyo Waebrania wenyewe walivitenganisha. Maana ya zamani ya kufadhili bado ni hai katika neno fadhila, tuishike hiyo.

Mzizi huohuo wa h-n-n umezaa jina la Hana, mama yake Samweli, na la Hanania, mwenzake Danieli. Hanania ni Yohana aliyegeuzwa: kitenzi kimetangulia, Yah, mkato mwingine wa Yahwe, amefuata, kama vile Kiswahili kinavyoruhusu "Amefadhili Yahwe". Anania wa Matendo ya Mitume ni jina lilelile. Limepoteza h yake kwa kupitia Kigiriki, ambacho hakikuwa na herufi ya sauti ile ya kooni. Yohanan naye alipitia huko akawa Ioannes, na kutoka hapo wakatokea John, Jean, Juan na Ivan, pamoja na Johann, kama mmisionari Johann Ludwig Krapf aliyefika Mombasa mwaka 1844. Katika majina hayo utajo wa Mungu umebaki sauti moja au mbili mwanzoni, wala anayeitwa hivyo hausikii.

Yohana Mbatizaji, Waislamu humwita nabii Yahya, na sikio la Kiarabu husikia humo "anaishi". Lakini mzizi wa kale haukupotea: Surat Maryam, aya ya 13, inapomweleza Yahya, inatumia neno hanan, yaani upole na huruma.

Tajamungu si mali ya Waebrania peke yao. Abdallah ni tajamungu, na Habimana wa Rwanda na Burundi, "Mungu yupo", vilevile. Ila mfano unaonigusa zaidi uko Uchagani na Upareni, ambako familia za Kikristo ziliichukua El, "Mungu" kwa Kiebrania, zikaiunga na maneno ya nyumbani: Elirehema, Elisante, Elineema, na Aikaeli, ambamo aika ni asante ya Kichaga. Mlinganishe Elineema na Elhanani wa kitabu cha Samweli, "Mungu amefadhili". Wazazi waliotunga majina haya waliielewa kanuni na wakaitumia kwa lugha zao, kabla sisi waandishi hatujakubaliana tuiiteje.

Kwa kamusi, basi: tajamungu, neno moja, m ndogo kama katika mchamungu, wingi wake majina tajamungu.