Same: Mji ulioletwa na barabara, sasa barabara hauuachi ulale

Ukipita Same na basi la Arusha unaona stendi, wauza karanga na ndizi dirishani, malori yamejipanga, milima ya Upare mkono wa kulia. Dakika kadhaa, honi mbili tatu, safari inaendelea. Wewe umeondoka. Mama ntilie wa pembeni ya lami na mtoto wake wa darasa la pili wanabaki na hizo honi.

Zamani Wapare hawakuwa watu wa barabarani kabisa. Walikaa juu: Usangi, Ugweno, Mbaga, na Chome iliyo chini ya kilele cha Shengena chenye mita 2,462. Huko kulikuwa na maji, na mabwawa yao ya kumwagilia, ndiva, ni kazi ya wazee kabla Mzungu hajafika. Chini ni ukame, halafu karne ya 19 bonde la Pangani lilikuwa njia ya misafara ya pembe za ndovu na watumwa. Mtu mwenye akili zake hakujenga karibu na njia.

Basi bwana, Mjerumani akaleta reli. Ilianza Tanga mwaka 1893, ikafika Moshi mwaka 1911, na ilipita chini, siyo mlimani. Maduka yakaifuata, na Mwingereza akaweka ofisi ya wilaya Same. Ndiyo maana Januari 1945, maelfu ya wanaume walipokataa kodi ya mbiru, walishuka kuja hapo hapo. Ukitaka kusikika, unashuka Same.

Miaka ya 1990 treni ya abiria ikafa, lami ikabeba kila kitu. Treni ilirudi Desemba 2019, lakini malori hayakurudi nyuma.

Kitu kimoja tu kiliwapa watu wa barabarani afueni kidogo: mabasi ya abiria yalikatazwa kutembea usiku. Katazo hilo la miaka ya 1990 lililenga ajali, wala hakuna aliyefikiria usingizi wa mtu. Malori yaliendelea kupita, sawa, ila mabasi yalilala. Kuanzia tarehe 1 Oktoba 2023 ruhusa ikatoka, saa 24. Mfanyabiashara wa Kariakoo akafurahi, na ana haki. Anapanda jioni, anaamka Arusha. Katikati ya usingizi wake wa kwenye siti, basi linapita Same watu wamelala.

Hii siyo mpya duniani. Julius Caesar alipiga marufuku mikokoteni mingi kuingia Roma mchana, msongamano ulikuwa noma. Ikahamia usiku, na Warumi wakaanza kulalamika hawalali. Miaka zaidi ya 2,000 imepita, bado foleni inatatuliwa kwa kukopa usiku wa watu wengine.

Sasa kuna wale wanaosema "tumezoea". Kichwa kinazoea, mwili hauzoei. Sikio halifungwi kama jicho. Lori likikata breki za upepo saa 8 usiku, huenda usiamke, lakini ubongo umesikia: moyo unaongeza kasi, mishipa inabana, homoni za hofu zinamwagika kana kwamba kuna simba mlangoni. Mara moja si kitu. Kila usiku kwa miaka, presha inapanda, na hatari ya ugonjwa wa moyo inaongezeka. Asubuhi mtoto anasinzia darasani, anaitwa mvivu.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2011 kwamba Ulaya Magharibi peke yake inapoteza miaka isiyopungua milioni 1 ya maisha yenye afya kila mwaka kwa kelele za magari. Mwaka 2018 likashauri kelele za barabarani usiku zisizidi desibeli 45. Hiyo ni chini ya maongezi ya kawaida ya watu wawili. Honi ya basi? Usiulize.

Tanzania ina kanuni za kelele na mitetemo tangu mwaka 2015, na NEMC imeshafungia baa kadhaa kwa muziki. Baa ina mlango, unaweka kufuli. Basi lililopiga honi pale stendi saa 9 usiku limeshaanza kuitafuta Mwanga kabla mama ntilie hajageuka upande wa pili wa kitanda, na saa 11 anatakiwa awe ameshawasha moto wa chapati.