Kava la Cheni Lilikwenda Wapi?

Mteja akiniletea baiskeli inayolia kwichikwichi, kwanza natazama kama kava la cheni bado lipo. Mara nyingi halipo. Lilibonyea, likaanza kugonga pedeli, mwenyewe akalifungua na kulitupa. Tangu siku hiyo kuosha cheni kunakuwa kazi yake ya nyumbani, apende asipende.

Zamani hapakuwa na cha kuosha. Kwenye zile baiskeli za gurudumu kubwa mbele, pedeli zilifungwa kwenye gurudumu lenyewe. Mwaka 1885 John Kemp Starley wa Coventry, Uingereza, alitoa Rover: magurudumu yakakaribia kulingana, na nguvu ya miguu ikapelekwa nyuma kwa cheni. Watu wakashuka kutoka kule juu wakiwa salama, lakini cheni ikaletwa chini kabisa, pale pale tairi linaporusha tope.

Cheni tunayoitumia leo inatokana na kazi ya Hans Renold, Mswisi aliyehamia Manchester, aliyepata hataza yake mwaka 1880. Kila pini imepita ndani ya kibushi, na juu ya kibushi inazunguka rola. Ni kitu kizuri sana, ila kina nafasi nyingi za kuingiza mchanga. Mchanga ukikutana na oili humo ndani unageuka msasa. Ndipo unasikia mtu akisema cheni imevutika. Chuma cha cheni hakijavutika hata kidogo. Ni pini na vibushi vilivyolika, kila kiungo kikaongeza nafasi yake kidogo. Chukua futi kamba upime kutoka pini hadi pini: viungo 24 vya cheni mpya ni inchi 12 kamili. Ukikuta 12 na moja ya nane, usiioshe, utapoteza mafuta ya taa bure.

Waingereza waliliona tatizo hilo mapema. John Marston wa Wolverhampton alizifunika cheni za baiskeli zake za Sunbeam kwa kava lenye mafuta ndani, cheni ikawa inapita humo ikijilainisha yenyewe. Gia za Sturmey-Archer, zilizotoka mwaka 1902, zilikaa ndani ya habu, kwa hiyo kava halikusumbuliwa. Walioliua ni wapenda mbio. Gia zinazohamisha cheni kutoka sproketi moja hadi nyingine zinahitaji nafasi ya kuyumba pembeni, na kava zima haliwezi kuvumilia hilo. Tour de France ilipoziruhusu kwa wakimbiaji wote mwaka 1937, cheni tupu ikawa ndiyo sura ya baiskeli ya kisasa. Mimi naona walitudhulumu, maana huku kwetu hatushindani na mtu; tunabeba mkaa.

Huku kwetu Tanzania zilikuja Raleigh, baadaye Phoenix za China, na Swala zetu za kampuni ya NABICO. Marehemu baba, aliyenifundisha kazi, aliosha cheni kwa namna ambayo sijaona sababu ya kuibadili. Aliifungua klipu ya kiungo kinachounganisha cheni, akaizamisha cheni kwenye kopo la mafuta ya taa, akaisugua kwa mswaki uliochakaa, akaitundika juani mpaka ikauka kabisa. Mafuta ya taa yalipoadimika miaka ya 1980, alikuwa akiyaacha yatuame, kisha anayamimina yale safi ya juu ayatumie tena.

Wengi hukosea baada ya hapo. Wanapaka oili chafu ya gari, yenye unga wa chuma, tena nje nje, mpaka cheni inang'aa kama samaki wa kukaanga. Oili inayofanya kazi ni ile iliyo ndani. Tone moja juu ya kila rola, zungusha pedeli kinyumenyume, subiri, kisha futa nje kwa kitambaa mpaka kidole kisitoke cheusi. Na klipu irudishwe upande wake uliozibwa ukitangulia kule cheni inakokwenda. Ikikaa kinyume, siku moja itachomoka mlimani na gunia likiwa nyuma.

Kava lililobonyea nalinyoosha kwa nyundo ya mpira, halinichukui muda. Shida ni vijana. Wanasema ni la kizee, nibaki nalo.