Kunata kwa spora za bakteria

Kunata kwa spora ni hali ya spora za bakteria kushika kwenye nyuso ngumu kama chuma, kioo, plastiki na mpira. Spora hutengenezwa na bakteria wa jenasi Bacillus, Clostridium na jamaa zao, hasa chakula kinapowaishia. Ferdinand Cohn na Robert Koch walizieleza mwaka 1876, na tangu hapo zimesifika zaidi kwa kustahimili joto. Kunata kwake hakutajwi sana, ingawa kwa mwenye kiwanda cha maziwa huenda ndiko kunakomsumbua zaidi.

Bacillus cereus, bakteria wa udongoni, huingia kwenye maziwa kupitia chuchu zenye matope, matandiko ya zizi na vyombo vichafu. Kupasha maziwa kwa nyuzi joto 72 kwa sekunde 15 huua vimelea vya kawaida. Spora hupona, na zikipata mahali pa kushika ndani ya mabomba, huota na kuchafua maziwa yanayofuata.

Ndani ya maji, spora na chuma kwa kawaida vyote huwa na chaji hasi, hivyo vilipaswa kusukumana. Chumvi zilizoyeyuka hupunguza msukumano huo, na spora ikishasogea karibu sana, nguvu za van der Waals huivuta. Lenye uzito zaidi ni kwamba ganda la spora ya B. cereus hukwepa maji zaidi kuliko bakteria huyohuyo anapokuwa anakua: maji hutoka katikati, spora ikabaki imegusana na chuma. Ganda hilo la nje, eksosporiumu, limeota nywele fupi za BclA, protini iliyobeba sukari. Juu yake huchomoza nyuzi ndefu zaidi za protini ziitwazo Ena, ambazo muundo wake ulielezwa mwaka 2021. Bacillus subtilis hana eksosporiumu, na spora zake kwa kawaida hushika kwa udhaifu zaidi.

Viwandani mabomba huoshwa kwa sodiamu haidroksaidi ya moto, kisha asidi, kwa mkondo wenye kasi. Spora hubaki kwenye mikwaruzo, chini ya vizibo vya mpira na kwenye kona zisizopitiwa na mkondo. Dumu la plastiki lenye mdomo mwembamba, ambalo wachuuzi wengi wa maziwa Afrika Mashariki hulitumia, lina kasoro hiyohiyo: mkono hauingii kulisugua, na plastiki hukwaruzika upesi. Kopo la chuma lenye mdomo mpana ni bora kwa mbali.

Hospitalini, Clostridioides difficile, anayesababisha kuhara kukali, huacha spora kwenye vitanda, vitasa na mikono. Alkoholi haiziui. Vitanda husafishwa kwa dawa ya klorini, lakini mikono huhitaji msuguano na maji ya kuzing'oa. Kwa hiyo, anayemhudumia mgonjwa wa aina hii asitegemee dawa ya alkoholi peke yake. Anawe kwa sabuni na maji yanayotiririka.