Epulu: hoteli ya mtoni katikati ya pori la Ituri, jana na leo

Kila mara watu wakisikia kwamba matajiri wa Ulaya na Marekani wanalipa dola mingi ili kulala porini, wengine wanacheka. Kulipa juu ya mbu na giza? Lakini hiyo kazi iko, tena ni biashara kubwa. Mgeni anapewa nyumba ya mbao kando ya mto, kitanda kizuri, chakula safi, masaji, na kimya. Hakuna kelele ya magari, simu haishiki. Anatoka asubuhi kuangalia wanyama, jioni anakaa kwenye baraza akisikiliza maji.

Kwa jirani wetu wa Congo-Brazzaville, mbuga ya Odzala-Kokoua iko na kambi za namna hiyo. Moja yao, Mboko, iko kando ya mto Lekoli. Hapa kwetu Mashariki, wengi hawajui kwamba tulikuwa na nyumba ya wageni ya mtoni karibu miaka 90 iliyopita. Ilikuwa Epulu.

Epulu ni wapi?

Epulu ni kijiji cha teritware ya Mambasa, jimbo la Ituri, juu ya barabara ya kitaifa namba 4, ile inayoenda Kisangani. Mto unaopita pale una jina hilohilo. Maji yake ni ya rangi ya chai, yanapita kwa nguvu katikati ya mawe, kisha yanaingia katika mto Ituri. Ituri nao mbele unaitwa Aruwimi, na unamwaga maji katika mto Congo pale Basoko.

Kambi ya Putnam

Mmarekani Patrick Putnam alifika Congo mwaka 1927. Alikuwa amesoma Harvard mambo ya desturi za watu. Alifanya kwanza kazi ya afya kwa ajili ya Msalaba Mwekundu wa Ubelgiji, kisha katika miaka ya 1930 akajenga kambi yake kwenye ukingo wa Epulu. Kambi ilikuwa na kazi mbili: dispanseri kwa wakaaji, na nyumba ya wageni kwa wazungu waliopita na magari. Pesa ya wageni ilisaidia kuendesha yote.

Nyumba zilikuwa za miti, udongo na majani. Wageni walikula, walioga, waliangalia wanyama waliofugwa pale, na walifuatana na Bambuti porini kuona namna wanavyowinda na nyavu. Mke wake wa mwisho, Anne Eisner, mchoraji kutoka New York, aliishi pale na akachora maisha ya kijiji na ya pori. Mwaka 1951 akafika Mwingereza Colin Turnbull. Kitabu alichoandika baadaye juu ya Bambuti, mwaka 1961, kilifanya jina la Epulu lijulikane duniani.

Putnam alikufa mwaka 1953 baada ya ugonjwa mrefu wa mapafu, na kambi nayo ikaisha. Ilikuwa imesimama juu ya mtu mmoja, na alipokwenda, hakukuwa na mtu wa kuishika.

Okapi na hifadhi

Wakati uleule, mwaka 1952, serkali ya Wabelgiji ilifungua Epulu kituo cha kukamata okapi. Mnyama huyu, ndugu ya twiga, anaishi porini katika nchi yetu tu. Wanasayansi wa Ulaya walimpa jina mwaka 1901, lakini Bambuti walimjua tangu zamani.

Mwaka 1992 nchi ikatangaza Hifadhi ya Wanyama ya Okapi, karibu kilometa mraba 13,700, sehemu moja kwa tano ya pori la Ituri. Mwaka 1996 UNESCO ikaiandika kati ya urithi wa dunia. Mwaka uliofuata tu, 1997, juu ya vita, ikawekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini.

Pigo kubwa lilikuja tarehe 24 Juni 2012. Mai-Mai Simba wa Paul Sadala, aliyeitwa Morgan, walishambulia Epulu. Waliua watu, walinzi wa pori wakiwemo, wakapora na kuchoma majengo. Okapi wote 14 waliokuwa wanatunzwa pale walikufa. Wengi walikimbia kijiji. Huyo Morgan alikuwa anapata pesa kwa dhahabu na pembe za tembo, na walinzi walikuwa wanamzuia.

Nini inahitajika ili wageni warudi?

Ya kwanza ni usalama, na barabara ndiyo mlango wake. Tuliona Virunga mwezi wa 5 mwaka 2018: mlinzi mmoja aliuawa, watalii wawili Waingereza wakatekwa kisha wakaachiliwa, na utalii wote ukasimamishwa kwa miezi mingi. Siku moja mbaya inatosha kufunga kazi ya wapishi, wafuaji nguo, madereva na wauza samaki.

Ya pili ni pori lenyewe. Mgeni analipa juu ya maji safi na miti. Mahali machimbo ya dhahabu yanachafua mto, hakuna hoteli itakayosimama.

Ya tatu ni haki ya wenyeji. Zamani za Putnam, Bambuti walikuwa sehemu ya kile wageni walikuja kuangalia, lakini kambi haikuwa yao. Leo kuna sheria. Sheria namba 14/003 ya tarehe 11 Februari 2014 juu ya kulinda mazingira inataka wakaaji washirikishwe. Sheria namba 22/030 ya tarehe 15 Julai 2022 inalinda haki za Wapigme wa asili, pamoja na ardhi yao.

Kama mtu anakuja kwenu kuomba udongo kando ya mto ili ajenge hoteli, shefu asitie sahihi peke yake usiku. Muulize mbele ya watu wote, na Bambuti wawe pale:

- Ruhusa ya ICCN iko wapi, kama ni ndani ya hifadhi?
- Ni vijana wangapi wa kijiji watapata kazi, na kwa mshahara gani?
- Sehemu gani ya pesa ya kila mgeni itabaki kwa shule na dispanseri?
- Tutaendelea kuvua, kuteka maji na kutafuta asali pale?
- Siku mwenye hoteli akienda, nyumba zitabaki za nani?

Majibu yaandikwe, yasomwe kwa lugha ambayo kila mtu anasikia, na karatasi moja ibaki kijijini.