Kivuli cha Baiosi

Mwaka 1974 Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini. Marufuku ilipokuja kulegezwa, dunia ilikuwa imekwisha hama kwenye mitambo ya kujaza chumba na kuingia kwenye mashine za mezani. Kigoma, mwisho wa Reli ya Kati, mashine hizo zilikuta umeme wa majenereta ya dizeli, na hilo lina uzito katika habari hii.

Ndani ya kila moja mlikuwa na maagizo ya awali yaitwayo baiosi, ndiyo yanayoiamsha kompyuta na kuionyesha namna ya kutumia kibodi, diski na kioo. Katika IBM PC ya mwaka 1981 yalichukua kilobaiti 8 tu, yamechomwa kwenye chipu ya romu, isiyofutika hata umeme ukikatika. Ila romu ni nzito wa mwendo. Mwanzoni hakuna aliyejali, maana prosesa nayo ilikuwa ya taratibu. Intel ilipotoa 80386 mwaka 1985, prosesa ikawa inachota biti 32 kwa mkupuo, na romu mara nyingi ikimpimia 8 au 16. Kila programu ya DOS ilipoiomba baiosi iandike herufi kiooni, prosesa ilisimama ikingoja.

Fikiri, ndugu msomaji, karani wa bandari ya Kigoma ambaye kitabu cha nauli kimefungiwa kabatini chumba cha pili. Ainuke kwa kila gunia la dagaa? Mwenye akili hukinakili asubuhi, nakala akaiweka mezani. Ndivyo ilivyofanya Compaq Deskpro 386 ya mwaka 1986: ikiwashwa hunakili baiosi kwenye ramu, huifunga nakala isiandikwe juu yake, kisha huipa anwani ile ile ya romu. Programu hazikushtuka. Nakala hiyo ikaitwa kivuli.

Kivuli kilikuwa na gharama. Kilikula ramu, bidhaa ghali siku hizo, na kikiangukia anwani zinazotumiwa na kadi nyingine, mashine iliganda. Ndiyo maana mwenye kompyuta aliachiwa achague kukiwasha au kukizima. Mimi naona ilikuwa hekima kutoiondoa romu: jenereta likizima, kivuli kilipotea pamoja na barua isiyohifadhiwa. Umeme ukirudi, barua ndiyo imekwenda, lakini baiosi ilinakiliwa upya.

Windows 95 ilipokuja mwaka 1995, kazi nyingi za diski na kioo zilifanywa bila kupitia baiosi ya zamani. Faida ya kivuli ikabaki zaidi kwa waliokuwa bado na DOS.